Mtoto wa Mti Aliyepauka

Siku ya kwanza kazini nilifika na ndoo yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeambiwa kuna fundi wa maboti pale Buzebazeba anatafuta mtu wa usafi, na mimi, mwanamke wa Ujiji niliyekuwa nauza mawese kwa chupa sokoni Mwanga, nikajua usafi ni maji, sabuni na dekio, basi. Nilipiga hodi, sikujibiwa, nikasukuma mlango. Katikati ya chumba alikuwa amesimama mtu mrefu, mabega yameinama, kanipa mgongo. Nikamwambia, "Shikamoo." Kimya. Nikarudia kwa sauti zaidi. Ndipo nyuma yangu, kutoka uani, mtu mwingine akaitikia, "Marahaba, mama. Huyo hajibu, nimemaliza kumchonga juzi."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu: kwa kuiamkia sanamu. Wenzangu walinitania kwa hilo miaka yote. Sioni haya kuliandika, maana Mkurugenzi ameniomba niwaandikie ninyi mnaoingia kazini sasa, na amesema nisifiche kitu. Basi sifichi. Nitaeleza jinsi nyumba hii ya sanamu ilivyokua, na nitaeleza pia kosa langu kubwa, lile ambalo nusura linifukuzishe kazi.

Yule aliyeniitikia kutoka uani tulimwita Fundi Mkuu. Alikuwa amejenga maboti ya mbao ufukweni Kibirizi tangu ujana wake. Boti likizeeka na kuvunjwa, watu walichukua mbao wakapikia, yeye akachukua mataruma, yaani zile mbavu za mti zinazoshikilia boti kutoka ndani, akayaunga upya kwa maumbo ya watu. Yule niliyemwamkia alikuwa na kifua cha mataruma matupu, na ndani yake, pale penye moyo, ilining'inia propela iliyoliwa na kutu. Nilimzunguka nikiwa bado nimeshika ndoo, nywele zimenisimama. Maboti nilikuwa nimeyaona tangu utoto, nimeyapanda, nimetapika ndani yake, na sikuwahi kufikiri kwamba boti lina kifua.

"Ndoo weka nje," Fundi Mkuu akasema. "Maji na mti mkavu haviivi chungu kimoja. Hapa utatumia brashi ya manyoya. Na kabla hujagusa, zunguka. Picha ya ukutani ina mbele tu. Hii ina mgongo, ina kwapa, ina visigino. Ukifuta mbele peke yake, umefuta nusu mtu."

Sanamu zilikuwa sita, vyumba vitatu, na uani palikuwa na karakana yenye patasi, tupa na harufu ya mti mbichi. Huo ndio ulikuwa ukubwa wote wa nyumba ya sanamu. Wauza dagaa walichungulia dirishani wakauliza kama kuni zile zinauzwa. Mume wangu, Mungu amrehemu, alinicheka. "Mama Zuhura," aliniambia, "mtu mzima na swala zako tano, unakwenda kuyapangusa masanamu?" Nikamjibu, "Sendi kuyasujudia, nakwenda kuyafuta vumbi." Ikapita kama mwezi, akapita kunichukua jioni moja, akaingia kwa shingo upande. Alisimama mbele ya yule wa mataruma kwa muda mrefu sana, kofia mkononi. Tangu siku hiyo kila nikirudi aliniuliza, "Yule wa propela hajambo?"

Fundi Mkuu alinifundisha kazi kama anavyofundishwa fundi. Alinifundisha kujua mti kwa harufu, na kuulisha nta ya nyuki iliyoyeyushwa, kidogo sana, kwa kitambaa cha pamba. Alinifundisha ufa mfu na ufa hai. Ukiona ufa kwenye sanamu ya mti, unaweka alama ndogo ya penseli pale unapoishia. Ukirudi baada ya wiki na ufa haujavuka alama, huo ni mfu, uache. Ukivuka alama, huo ni hai, na unatakiwa kumwambia mkubwa wako siku hiyohiyo. Yote haya yaliandikwa kwenye daftari la hali, ambamo kila sanamu ina ukurasa wake kama kadi ya mtoto kliniki. Mwandiko wangu ulikuwa mbaya, lakini alama zangu za penseli zilikuwa sahihi, na Fundi Mkuu alijali alama.

Macho yake yalipoanza kumsaliti, nyumba ikapata Mkurugenzi. Alikuwa binti wa Kasingirima aliyekwenda kusomea sanaa mbali na kurudi na masanduku mawili ya vitabu. Kwa umri angeweza kuwa mwanangu. Kazini nilimwita Mkurugenzi na yeye aliniita Mama, na kila mmoja alijua mipaka yake. Ndiye aliyesema sanamu zimebanana kama watu wanaogombana, zinahitaji hewa. Akahangaika ofisi hadi ofisi mpaka akapewa ghala la zamani karibu na ziwa, lililokuwa likihifadhi mapipa ya mawese. Tulilisugua kwa wiki tatu. Harufu haikuisha, na hadi leo mvua ikinyesha ukuta wa kaskazini unanukia mchuzi.

Hapo ndipo nilipopandishwa kutoka mfanya usafi kuwa mtunza sanamu. Nilijifunza kitako, lile jukwaa ambalo sanamu inasimama juu yake, na kwamba ndani ya kitako tunajaza mchanga ili mtu akiegemea kisipinduke. Nilijifunza taa. Mkurugenzi alikuwa haweki taa mbele ya sanamu hata siku moja, aliziweka ubavuni. "Ukimmulika mtu usoni, Mama, unamfanya askari anayehojiwa. Mmulike ubavuni, ataanza kusema mwenyewe." Jioni tulipojaribu taa kwa mara ya kwanza, kivuli cha yule wa mataruma kilipanda ukutani mpaka kwenye kenchi za paa, mbavu moja moja, na propela ikawa duara kubwa jeusi. Fundi Mkuu, ambaye hakuwa akiona vizuri tena, aliona kile kivuli. Alisema tu, "Ah." Mimi nililia, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Baada ya hapo wachongaji walianza kuja wenyewe. Wachomeleaji wa Mwanga waliokuwa wakitengeneza mageti walileta ndege wa vyuma. Wafinyanzi walileta vichwa vya udongo vikubwa kuliko mitungi. Kutoka ng'ambo ya ziwa walikuja watu na mawe ndani ya boti, boti limezama nusu. Watalii waliokuja kuangalia sokwe walipita kwetu wakisubiri usafiri, wakakaa kutwa. Shule zilileta watoto, na nilisimama mlangoni nikiwaambia yale niliyoambiwa mimi, wazunguke kwanza. Kila mzigo ulipofunguliwa nilikuwa na hofu na hamu pamoja. Nilikuwa nashangaa na bado nashangaa kwamba mtu aliyekula ugali na dagaa kama mimi anaweza kuukuta mti umelala na kuuacha umesimama unakutazama.

Sasa niwaambie habari ya Mama Spesi.

Alikuwa mwanamke wa makamo, wazazi wake walikimbia kutoka Burundi naye akiwa msichana, akakulia huku kwetu, upande wa Kasulu, akilima mihogo na maharage. Kuchonga alijifunza kwa kuchonga miiko. Alifika kwa gari la mizigo, amekaa nyuma pamoja na sanamu yake aliyoifunga kwa kitenge, ameikumbatia njia nzima. Kitenge kilipofunguliwa, wote ghalani tuliacha kazi tukasogea. Alikuwa mtoto wa kike wa miaka kama saba au minane, mwenye urefu wa mtoto wa kweli, amesimama amejishika viwiko, kidevu kimeinuka kidogo kama mtu anayesubiri kuitwa. Mti wake ulikuwa mweupe, mwepesi, haukupigwa msasa hata kidogo, alama za patasi zimeachwa zote. Na juu yake Mama Spesi alikuwa amesugua majivu. Mtoto alikuwa amepauka kuanzia utosini hadi kwenye vidole.

Mkurugenzi alimzunguka mara nyingi nisizoweza kuhesabu. "Huyu atasimama katikati," alisema. Tulikuwa tunaandaa maonesho makubwa kuliko yote tuliyowahi kufanya, wageni wanatoka Dar es Salaam, Bujumbura na mbali zaidi, na ilijulikana wazi kwamba wakipenda, nyumba hii itasimama, na wasipopenda tutarudi kwenye vyumba vitatu. Mama Spesi hakusema mtoto ni nani. Alisema tu, "Mumutunze," akarudi shambani, na kuahidi kuwa nasi siku ya ufunguzi.

Nilimtunza. Kilikuwa kiangazi, upepo wa mchana unakausha hadi midomo. Kila asubuhi nilipofungua mlango yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunitazama, na kila asubuhi moyo wangu ulisema jambo moja: mtoto wa watu kapauka. Ninyi mnalijua neno hilo. Kwetu mtoto akitoka nje na magoti meupe, majirani hawamcheki yeye, wanamsema mama yake. Nimelea watoto watano na hakuna aliyevuka kizingiti changu amepauka, hata siku tulizolala bila kula.

Siku tatu kabla ya ufunguzi niliona ufa begani, umevuka alama yangu ya penseli. Ufa hai. Mkurugenzi alikuwa Dar es Salaam akifuatilia wageni. Simu nilikuwa nayo mkononi, ina chaji na ina salio. Sikupiga. Nilijiambia kwamba kinu kipya kwetu hupakwa mawese kisipasuke, na kinu ni mti na huyu ni mti. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ukweli ni kwamba nilitaka kumpaka tangu siku ya kwanza.

Nilikwenda nyumbani nikaleta mawese safi, nikayapasha moto kidogo, nikampaka kwa viganja. Nilianza mabegani, nikashuka mgongoni, magotini, kati ya vidole vya miguu. Mti uliyanywa kama ulikuwa na kiu ya miaka. Majivu yaliondoka, na chini yake ikatoka rangi ya hudhurungi yenye wekundu, yenye kung'aa, na uso ule ukawa hai mbele yangu. Niliketi sakafuni nikamtazama, mikono yangu ikinuka jikoni. Nilimshukuru Mungu.

Asubuhi iliyofuata sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka ukutani hadi kwenye kitako. Vumbi lilikuwa limegandia kwenye mashavu. Mafuta yalikuwa yamesambaa kwa mabaka, huku yameingia sana, huku yamekaa juu. Mkurugenzi alirudi mchana, akaingia na begi bado liko begani, akasimama.

"Nani?"

"Mimi, Mkurugenzi."

"Kwa nini hukupiga simu?"

Alivua begi taratibu. "Mama, mawese hayakauki. Yatabaki humo, yatachacha, yataita wadudu, mti utaoza kutoka ndani. Lakini hilo dogo. Yale majivu aliyaweka yeye kwa makusudi. Huyu si wa kwako wala si wa kwangu. Umefuta kazi ya mtu."

Tulijaribu kuyanyonya mafuta kwa pamba na unga wa chokaa mpaka usiku, na siku nzima iliyofuata. Sisimizi waliondoka, rangi haikurudi. Jioni Mkurugenzi aliniita ofisini. Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza. "Baada ya maonesho tutazungumza kuhusu kazi yako. Kwa sasa Mama Spesi akiuliza, tutamwambia ni unyevu wa ziwa. Akimwondoa mtoto wake kesho, katikati ya ukumbi patakuwa na kitako kitupu, na hapo tumekwisha. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa.

Mama Spesi alifika asubuhi ya ufunguzi, kabla ya wageni, amevaa kitenge kipya na viatu vilivyombana. "Amahoro," alitusalimu, akapita moja kwa moja hadi katikati. Kisha akasimama. Mkurugenzi alikuwa kulia kwangu.

"Mama Spesi," Mkurugenzi akaanza, "unajua hapa tuko karibu na ziwa, na unyevu..."

Mama Spesi aliinama, akaweka pua yake begani kwa mtoto, akanusa. "Haya ni mawese," alisema. "Ni nani amemupaka huyu mutoto mafuta?"

Ningeweza kunyamaza. Mkurugenzi alikuwa amekwisha kunijengea ukuta wa kujificha. Lakini nilimwona yule mwanamke, mikono yake imeshikilia viwiko vyake kama mtoto wake alivyoshikilia, na ulimi wangu ukakataa.

"Ni mimi," nikasema. "Si unyevu. Nilimwona amepauka, nikashindwa kuvumilia. Hakuna aliyenituma. Nimeharibu kazi yako, dada yangu, nisamehe."

Alimzunguka mtoto polepole, akigusa kwa ncha za vidole pale mabaka yalipokuwa. Alipofika nyuma alikaa huko muda mrefu, hatumwoni uso. Tulisikia sauti yake tu.

"Huyu ni mudogo wangu. Tulipokimbia, yeye alikuwa na homa. Amekufa njiani, mbele ya kufika Tanzania. Mama yangu alikuwa hatoi mutoto nje bila kumupaka mafuta. Siku ile ametafuta mafuta, hata ya kidole kimoja tu, hakuna. Tukamuzika hivyo hivyo, vumbi mupaka kwenye kope. Mama amezeeka, amekufa, analia hiyo moja: nimemutoa mutoto wangu amepauka."

Mkurugenzi alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Mama Spesi akatoka nyuma ya sanamu, macho makavu, akanitazama mimi. "Mabegani umemupaka vizuri. Kwenye vidole pia. Nyuma ya masikio umesahau. Leta mafuta."

Nilikimbia. Mtu wa umri wangu, nilikimbia kama msichana hadi dukani kwa jirani. Nilipompa chupa alimimina kidogo kiganjani, akasugua viganja pamoja, akampaka mdogo wake nyuma ya sikio la kulia na la kushoto, pale palipokuwa pamebaki majivu. Wala hakulia. Alimpaka kama mtu mwenye haraka ya asubuhi, anayewahi watoto wasichelewe shule.

"Mama Spesi," Mkurugenzi alisema kwa sauti ndogo, "ni lazima nikuambie ukweli sasa. Mafuta yataula mti. Hatadumu."

"Ego, ndiyo, najua. Wacha asidumu. Lakini asipauke."

Wageni walipoingia alikuwa amesimama katikati, anang'aa, ananukia mawese. Nimefanya kazi ile miaka mingi na sijapata kuona watu wakinyamaza vile. Mama mmoja aliyevaa dhahabu shingoni alimsogelea, akanusa, akaanza kufuta machozi bila kuambiwa lolote. Nyumba ilisimama. Uwanja wa sanamu mnaouona nje, unaoteremka hadi kwenye maji, na vyumba vya wachongaji wageni, vilikuja baada ya siku ile. Na kazi yangu? Mkurugenzi hakunifukuza. Aliniandikia karipio, akalibandika kwenye faili langu, limo mpaka leo, na alikuwa na haki. Kisha akafungua daftari la hali, ukurasa wa mtoto, akaandika kwa mkono wake: apakwe kila mwezi, na mtunza sanamu, kwa idhini ya msanii.

Basi sikilizeni, ninyi mnaoanza. Kitaalamu nilikosea. Msipake sanamu mawese. Ufa ukivuka alama, pigeni simu. Nilibahatika kitu ambacho sikustahili, na asiwepo kati yenu wa kutegemea bahati ya namna hiyo. Kazi hii ni ya kuzuia mkono wako mwenyewe, kila siku, mbele ya kitu kinachokuomba ukiguse. Mimi nilishindwa mara moja.

Nilistaafu msimu uliopita. Fundi Mkuu alikuwa ametangulia zamani, na mwaka juzi Mama Spesi naye aliwafuata mama yake na mdogo wake. Mkurugenzi, ambaye sasa ana mvi, alinipa keki na kitenge. Kisha akaniongoza katikati ya ukumbi, akaniacha peke yangu na mtoto. Mguu wa kushoto umeanza kuliwa. Kidole kimoja hakipo. Nilimpaka kwa mara ya mwisho, nikamaliza, nikanawa mikono.

Sasa nakaa nyumbani, na mjukuu wangu wa kike anaanza shule mwaka huu. Kila asubuhi huja na chupa ya mafuta, husimama mbele yangu ameinua kidevu, anataka niharakishe. Siharakishi. Naanza na nyuma ya masikio.